Sistatini C yako haizuii kitu? Kabla hujaitupa soma hapa kwanza

Wiki iliyopita kijana wetu wa fildi alinifuata mezani ana kityubu mkononi, sura imemshuka kama katoka msibani, akaniambia shikamoo dada, samahani, hii sistatini imekufa. Marahaba, nikamwuliza, imekufaje, nani kaipima? Akasema kaiweka na papaini, papaini inakata tu kama haijaona mtu. Nikamwambia vuta stuli ukae, mana hiyo kauli nimeshaisikia mara nyingi kwenye hii maabara yetu ndogo hapa Kigoma, na karibu mara zote ukifuatilia unakuta protini ni nzima, kilichokufa ni enzaimu, au maji, au hesabu, au protini imebaki imeganda kwenye plastiki huko. Sasa kuliko nirudie kila akija mwanafunzi mpya, ngoja niandike yote tuliyokaa tukayapitia siku ile, na mengine ambayo kwake hayakutokea ila kwetu yameshatokea.

Tuwekane sawa kwanza tunaongelea kitu gani. Ni sistatini C ya binadamu, ya kutengenezwa, yaani jini ya mtu imewekwa kwenye bakteria (mara nyingi E. coli) bakteria ndo anaizalisha. Ni protini ndogo, amino asidi 120, uzito kama kilodaltoni 13.3, ina madaraja mawili ya salfa ndani yake na haina sukari juu, ndo mana bakteria anaiweza bila shida. Mfuatano wake ulitolewa Sweden mwaka 1982 na Anders Grubb na Helge Löfberg. Kazi yake ni kuziba mdomo wa enzaimu zinazokata protini kwa kutumia salfa ya sisteini: papaini ya kwenye papai, na ndugu zake wa mwilini kathepsini B, L, S na H. Sisi huku tunaipenda kwa sababu ya malale, mana kile kimelea Trypanosoma brucei rhodesiense kina enzaimu yake inaitwa rodesaini ambayo ni ukoo uleule wa kathepsini L, na ukitokea Kibondo hadi Urambo kule habari za ndorobo na malale si za vitabuni. Kwahiyo sistatini kwetu ni kipimo cha kulinganishia, unaiweka pembeni ya kile unachokitafuta uone nani anaziba vizuri. Ni ya maabara tu, si dawa, asije mtu akaniuliza inameng'enywaje tumboni.

Chupa imefika, ndani sioni kitu

Hii ndo simu ya kwanza kila mzigo ukifika. Maikrogramu 100 za protini iliyokaushwa ni kitu kidogo mno, wakati mwingine ni utando tu chini ya kityubu, wakati mwingine ni kama pamba imerukia kwenye kifuniko, na ukizingatia mzigo umepanda basi kutoka Dar hadi huku ukirushwarushwa njia nzima usitegemee unga ukae chini umekusubiri. Usifungue. Weka kwenye sentrifuji dakika moja kwanza, ndo ufungue. Kuna dada alifungua akaona hamna kitu akatupa kifuniko pembeni akaanza kuandika malalamiko, kumbe protini yote ilikuwa kwenye kile kifuniko.

Barafu imeyeyuka njiani? Kama imekuja kavu, usipaniki, protini kavu inavumilia siku kadhaa za joto la kawaida. Kama imekuja ya maji hapo ni kesi nyingine, andika tarehe, piga picha, alaf ipime nguvu yake kabla ya kuitumia kwenye kitu cha maana.

Kuyeyusha: soma karatasi iliyokuja nayo, wengine wanataka maji safi, wengine bafa (maji yenye chumvi za kushikilia pH isihame). Usiweke maji mengi sana eti uanze moja kwa moja na ukolezi wa kazi, kaa kwenye maikrogramu 100 kwa mililita au zaidi. Weka, acha dakika kumi na tano, zungusha taratibu kwa vidole. Usiitikise kama soda, povu linaiharibu protini na povu ukilipiga pipeti unavuta hewa.

Haizuii kabisa, hata kidogo

Swali la kwanza nalouliza, na watu wanakasirika nikiliuliza: enzaimu unayopimia ni ipi? Mana nimeona mtu kaweka sistatini kwenye tripsini, kisa tripsini ndo ilikuwepo kwenye friza. Tripsini inakatia serini, siyo sisteini, sistatini haina habari nayo. Elastesi hivohivo, na pepsini, ingawa yenyewe inakatia asidi ya aspartiki, nayo haishikiki. Kaspesi pamoja na kwamba ni za sisteini nazo hazishikiki, ukoo mwingine kabisa. Kwahiyo kama unataka kujua sistatini yako ni nzima, kipimo ni papaini, basi, kwa sababu papaini inashikwa kwa nguvu ya ajabu, wakishashikana ni kama ndoa ya kanisani.

Swali la pili: protini yako ina tegi (kile kipande cha ziada kinachopachikwa ili iwe rahisi kuisafisha), na iko upande gani? Mwanzo wa sistatini, kwenye zile amino asidi kumi na kitu za kwanza, ni sehemu ya kabari inayoingia kwenye mdomo wa enzaimu. Tegi ikikaa mkiani mara nyingi haina neno, ikikaa mbele inaweza kusumbua. Na kama kipande cha mbele kimekatwa, hasa pale kabla ya glisini ya 11, inaweza kuwa bado inaishika papaini vizuri tu lakini kwa kathepsini B na L nguvu imeporomoka. Hapo utabishana na mwenzako mchana kutwa, yeye anasema inafanya kazi wewe unasema haifanyi, kumbe kila mtu anaongelea enzaimu yake.

Na ukiwa unapima kathepsini B usiwe na haraka. Ile ina kipande kama kizibo juu ya mdomo wake, sistatini lazima ikisogeze kwanza ndo ishike, ndo mana hata mshiko wake ni dhaifu kuliko kwa wengine, kama nanomola 0.25 hivi. Ukichanganya enzaimu, kizuizi na sabstreti (kile kitu kinachokatwa na enzaimu) kwa pamoja alaf unasoma hapohapo utasema haizuii. Changanya enzaimu na sistatini, acha nusu saa, ndo uweke sabstreti.

Kontroo yenyewe haikati

Kinyume chake, na hii watu wanaifurahia kwa makosa. Unakuta mtu anasema sistatini yangu kali sana imezuia asilimia 100, ukiangalia ile kontroo isiyo na sistatini nayo imekaa sifuri. Sasa hapo umezuia nini bana, enzaimu ilishakufa kabla haujafika.

Papaini inataka kuamshwa. Ile salfa yake ikikaa na hewa inaoksidika, kwahiyo unaiwekea DTT (kemikali inayoirudisha salfa kwenye hali yake) kama milimola 2 na EDTA (inayokamata metali) milimola 1 au 2, pH kama 6.5, unaiacha dakika kumi, inaamka. DTT yenyewe haidumu, kwa nyuzi 20 kwenye pH 6.5 nusu yake inaisha kama saa 40, ila kwenye pH 8.5 ni saa moja na nusu tu imeshapungua nusu, na chumba chetu mchana si nyuzi 20 hata kidogo. Kwahiyo ile DTT uliyoiyeyusha mwezi wa pili ukaiacha kwenye shelfu, mwaga.

Alaf maji. Hapa nitakaa kidogo mana huku kwetu maji ndo yametutesa kuliko kitu chochote. Maji ya bomba Kigoma asili yake ni ziwa, na ziwa Tanganyika ni maji ya alkali, pH inacheza karibu na 9 na yana magnesiamu ya kutosha. Mtu anatengeneza bafa dhaifu kwa maji ya bomba "yaliyochemshwa", hapimi pH, anadhani ana 6.5 kumbe yuko 7 na kitu. Hilo dogo. Kubwa ni klorini, mana klorini na salfa ya sisteini hawakai nyumba moja, inaioksidisha ile salfa na papaini yako inalala. Kuchemsha kunapunguza klorini ila hakukutoi kwenye chumvi. Kuna kipindi mashine yetu ya kunereka maji iliharibika, wiki tatu, tukawa tunanunua maji ya betri pale gereji, na nakuambia ukweli kuna dumu zilikuwa safi kabisa na kuna dumu moja ilikuwa na tindikali ndani, mwuzaji kachanganya. Tulijua baada ya kuchovya karatasi ya pH, baada ya siku mbili za kumlaumu aliyepima. Siku hizi hakuna maji yanaingia kwenye bafa kabla hayajachovywa karatasi na kupimwa upitishaji umeme, hata kama yametoka kwa nani.

Inazuia, ila nusu tu, au hesabu haiji

Hapa ndo kijana wetu alipokuwa, na hapa ndo penye utamu wenyewe.

Watu wanapima kwa uzito wakati hawa wanashikana kwa kichwa, mmoja kwa mmoja. Sistatini moja inaziba papaini moja. Sistatini ni kilodaltoni 13.3, papaini ni 23.4. Miligramu moja kwa mililita ya sistatini ni maikromola 75, ya papaini ni kama 43. Kwahiyo lazima ugeuze uwe kwenye mola kabla hujaongea chochote. Chupa ya maikrogramu 100 ina nanomoli 7.5 tu, ukiiyeyusha kwenye maikrolita 200 una maikromola 37.5. Andika hiyo namba kwenye kityubu kwa kalamu isiyofutika, siyo kwenye kichwa chako.

Nikamwambia nipe daftari. Nikaona kagawanya vizuri, alaf kati ya mstari wa tatu na wa nne nukta imehama. Alikuwa na sistatini pungufu mara kumi ya aliyoandika. Ukiweka kizuizi moja kwa enzaimu kumi, ukazuia asilimia 10, hiyo protini imekufa au imefanya kazi yake yote na bado inasingiziwa? Akacheka kwa aibu. Ila haikuishia hapo, tutarudi.

Jambo la pili ni kwamba ule unga wa papaini siyo wote papaini, na papaini iliyopo siyo yote hai. Kwenye kopo kuna vijazio, kuna iliyooza, kuna iliyooksidika isiyoamka hata kwa DTT. Kwahiyo ukisema una nanomola 100 za papaini kwa mizani, huna. Dawa yake ni E-64. Hii ni molekuli ndogo, uzito 357, inajifunga moja kwa moja kwenye ile salfa ya papaini na haitoki tena, E-64 moja kwa papaini moja, na kwa sababu ni kemikali ya kupimika vizuri kwenye mizani unaweza kuiamini. Unachukua papaini iliyoamshwa, ile unayoiita nanomola 100, unagawa kwenye vityubu nane, unaweka E-64 kuanzia sifuri hadi 150, unaacha nusu saa, unazimua, unasoma kasi iliyobaki. Chora grafu. Utapata mstari unashuka moja kwa moja hadi unagusa sifuri, na pale unapogusa ndo kiasi cha papaini hai. Ukigusa kwenye 55, una 55, hata kama kopo linasema mia.

Sasa geuza. Hiyo papaini uliyoihesabu kwa E-64 ndo inakuwa rula ya kupimia sistatini. Weka papaini hai nanomola 50, weka sistatini kuanzia sifuri hadi 80, nusu saa, soma. Mstari ukigusa sifuri kwenye 50 sistatini yako yote ni nzima. Ukigusa kwenye 62, gawa 50 kwa 62, asilimia 80 ndo inafanya kazi, hiyo bado nzuri sana endelea na maisha. Ukigusa kwenye 200 hapo ndo tuanze kuongea kuhusu kuandika barua. Bila hizi taitresheni mbili hakuna mtu anayeweza kukuambia protini yako ni mbovu, wala muuzaji, wala mimi.

Na kuna mtego mmoja hata watu wa shahada ya pili wanaingia. Mtu anakuja na IC50 (kiasi cha kizuizi kinachopunguza kasi ya enzaimu kwa nusu), anasema sistatini yangu ina IC50 ya nanomola 5, mwenzangu kapata 25, yangu bora. Unamwuliza enzaimu uliweka ngapi? Kumi. Mwenzako? Hamsini. Basi mmepata kitu kilekile. Kizuizi kinachoshika kwa nguvu hivi IC50 yake haiwezi kushuka chini ya nusu ya enzaimu uliyoweka, kwahiyo hapo ulichopima ni enzaimu yako mwenyewe siyo kizuizi. Ukitaka kulinganisha nguvu lazima ushushe enzaimu chini sana hadi mashine ianze kulia, na kwa papaini na sistatini hata hivo hutafika, ule mshiko uko kwenye femtomola.

Kama hamna florimita (mashine ya kusoma mng'ao) kwenye maabara yenu (sabstreti ya kawaida ni Z-Phe-Arg-AMC, unaipiga mwanga wa nanomita 380 unasoma 460) msijali, ile ya BAPNA inatoa rangi ya njano unasoma kwenye 410 kwa mashine ya kawaida, ila inataka enzaimu nyingi zaidi. Na kwa kuangalia tu ipo haipo, agari yenye maziwa ya unga kwenye sahani, unatoboa vishimo, papaini inasafisha duara, papaini yenye sistatini haisafishi. Huwezi kuandikia ripoti ila inakuokoa usilie bure.

Inazuia mwanzo, baadae inaachia

Dakika kumi za kwanza grafu imelala, alaf inaanza kupanda yenyewe taratibu. Ukiona hivo uliza papaini imetoka wapi. Kuna mwanafunzi alitaka kuokoa hela akachukua papai bichi Mwanga sokoni akalichanja asubuhi akakusanya utomvu, akaukausha. Wazo zuri na lina ladha ya nyumbani kabisa, ila utomvu wa papai una enzaimu zaidi ya moja, kuna kaimopapaini, kuna karikaini, na kuna moja inayokata pembeni ya glisini tu ambayo sistatini haiishiki, badala yake yenyewe inaikata sistatini. Na kwa vile haikati sabstreti yetu ya Z-Phe-Arg-AMC huioni kwenye kipimo, unachoona ni kizuizi chako kinaliwa kimyakimya na papaini inaachiwa huru. Hata papaini ya bei rahisi ya kopo inaweza kuwa nayo kidogo. Nunua iliyosafishwa mara mbili na kukristalishwa, kwa ajili ya rula tu, inakaa muda mrefu.

Sababu nyingine ya kuachia ni kuweka sistatini kwenye DTT masaa mengi. Yale madaraja mawili ya salfa DTT inaweza kuyafungua, na yakifunguka protini inalegea. Amsha enzaimu na DTT, sawa, ila sistatini itunze kwenye bafa isiyo na DTT, wakutane siku ya kazi tu.

Kwenye jeli ni safi kabisa ila kazi haifanyi

Hii ndo imeshatupotezea muda kuliko zote na ndo ile mara chache protini kweli ilikuwa na tatizo. Jeli ya SDS (sabuni inayofungua protini na kuzitenganisha kwa ukubwa) asilimia 15, mstari mmoja safi pale kwenye 13 hadi 15, unajipongeza. Kwenye papaini, hamna.

Sistatini C ina tabia ya kupachana. Ikipashwa joto, au pH ikishuka sana, au ikikaa na ukolezi mkubwa, inafunguka kidogo na kipande chake kinaingia kwa mwenzake na cha mwenzake kinaingia kwake, wanakuwa mapacha walioshikana, na sehemu ile iliyogeuka ndo ileile ya kuzibia papaini. Pacha haishiki papaini tena. Na kwa sababu hawajaungana kwa salfa, ukiwachemsha kwenye SDS wanaachana wote wanashuka pale kwenye 13, kwahiyo jeli inakudanganya mchana kweupe. Wenye kigeuko cha jini kwenye amino asidi ya 68 kule Iceland, ambapo lusini imekuwa glutamini, ndo tabia hii inawapa ugonjwa wa mishipa ya ubongo toka ujana, siyo kitu cha kuchukulia kirahisi.

Ukitaka kuwaona mapacha unahitaji jeli isiyo na SDS, na hapo tena kuna kona, sistatini C pI yake (pH ambayo chaji ya protini inakuwa sifuri) iko kama 9.3, kwenye jeli asili ya kawaida yenye pH karibu na hiyo haina chaji ya kutosha, inabaki mlangoni au inarudi nyuma, mtu anasema haikuingia. Tumia agarosi ya pH 8.6, iweke kisima katikati siyo pembeni. Kama mna safu ya kuchuja kwa ukubwa hiyo ni bora zaidi.

Hapohapo niseme kuhusu wale wanaotengeneza kontroo kwa kuchemsha sistatini wakisema "hii imekufa". Sistatini ni ngumu kwa joto, nyingine inabaki hai, nyingine inakuwa pacha, ukichemsha unapata mchanganyiko usiojulikana. Usitumie kama kontroo mfu. Tumia bafa tupu.

Pia usiulize ELISA (kipimo kinachoitambua protini kwa kingamwili), wala kile kipimo cha figo cha hospitali, kama protini inafanya kazi. Vinasoma kama sistatini ipo, havisomi kama inaziba. Pacha inaweza kusomeka vizuri tu.

Ilikuwa nzuri jana, leo imepotea

Tumrudie kijana. Baada ya kurekebisha nukta akarudia, akapata asilimia 60 tu badala ya mia. Nikamwuliza hii uliizimua lini? Jana jioni, nanomola 100, kwenye vityubu vya kawaida, bila kitu chochote ndani, usiku kucha. Basi hapo ndo ilipoenda. Protini kidogo hivo inajishika kwenye ukuta wa plastiki, na hii yenye chaji chanya inapenda sana. Unazimua ukiwa unatumia siku hiyohiyo, unaweka ditergenti laini kama Brij-35 asilimia 0.01, unatumia vityubu visivyoshika protini kama vipo. Watu wengine wanaweka BSA (protini ya damu ya ng'ombe), inasaidia kweli, ila kumbuka papaini inaila BSA hivo inagombania na sabstreti yako, na kama utapima ukolezi kwa mwanga wa 280 BSA itakuharibia kila kitu. Kwa sistatini tupu miligramu 1 kwa mililita inatoa kama 0.8 hadi 0.9 pale 280, ina triptofani moja tu na tairosini nne.

Kuganda na kuyeyuka je? Gawa siku ya kwanza kwenye vityubu vidogo vya matumizi ya mara moja, funga, friza. Umeme ukikatika usiku utajuaje? Weka kikombe cha maji kwenye friza, yakiganda weka sarafu ya shilingi mia juu yake. Asubuhi ukikuta sarafu iko chini ndani ya barafu, ujue usiku yaliyeyuka yakaganda tena, usidanganywe na barafu ngumu. Na friza ya protini isiwe friza ya migebuka, nasema hivi nikiwa na mtu mahususi akilini na anajijua, mlango unafunguliwa mara ishirini kwa siku.

Kwenye seli inafanya vituko

Kwa kifupi tu kwa sababu sisi seli tunazigusa mara chache. Kama makrofaji zako (seli za kinga) zimewehuka baada ya kuweka sistatini, zinatoa TNF (ishara ya uvimbe) kama zimechomwa, usishangilie, angalia endotoksini, ile sumu ya ganda la bakteria aliyeizalisha protini. Karatasi ya ubora ina namba yake kwa kila maikrogramu, zidisha na kiasi ulichoweka. Jaribu na polimiksini B, inayoifunga endotoksini, vituko vikiisha ujue ilikuwa endotoksini.

Kama kinyume chake haionekani kufanya lolote, kumbuka umeimwaga nje ya seli wakati kathepsini nyingi zimejifungia ndani ya laisosomu, vile vifuko vya kumeng'enya vya ndani ya seli. Na kama kontroo yako isiyo na sistatini nayo imezuiwa, angalia seramu, mana seramu ya binadamu tu ina sistatini C yake kama miligramu 0.6 hadi 1 kwa lita, karibu nanomola 45 hadi 75, ukiongeza na kininojeni ambazo nazo zinaziba papaini. Seramu ya ndama hivohivo. Osha seli, fanya kipimo bila seramu.

Kijana alirudia mara ya tatu jana, kazimua asubuhi, kaweka Brij, kachovya maji karatasi bila kuambiwa. Papaini hai 50 kwa E-64, mstari ukagusa sifuri kwenye 56. Akaniuliza sasa dada zile nyingine nilizozimua juzi nizifanyeje, nikamwambia mwaga, osha vityubu, na ule ukurasa wa daftari wenye nukta usiuchane, upige mstari mmoja uandike tarehe.